Muyaka Baada ya Muyaka

Vita ambavyo Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alivipigania kwa ulimi viliisha kwa upande wake kushindwa. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, ambaye kwa karibu miaka kumi alikuwa akija na kurudi na merikebu zake, aliitia mkononi Ngome ya Mombasa. Wakubwa wa Wamazrui, ukoo uliotawala mji, wakakamatwa, wakapakiwa jahazini na kupelekwa Bandar Abbas, hawakurudi. Miaka mitatu baadaye, 1840, Muyaka naye akafariki. Maliwali aliowasifu wameondoka, mtawala aliyemkejeli ameketi Unguja anapanda mikarafuu, na ugomvi wenyewe umekwisha. Shairi la ugomvi likishafiwa na ugomvi wake, kwa kawaida hufuata kaburini.

Mashairi ya Muyaka hayakufuata. Mwanafunzi wa Kiswahili Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar bado anakutana na Muyaka darasani, na washairi wa pwani bado humtaja kama mtu aliyetoka barazani jana. Anayeulizwa ni nini huifanya kazi ya fasihi idumu hujibu upesi kwa maneno makubwa: ubora, ukweli wa milele, utu wa binadamu. Sina ugomvi na maneno hayo, ila hayatuelezi kwa nini tunaye Muyaka na hatunao wengine wengi waliosifiwa katika mitaa ileile. Husemwa pia kwamba wakati ndiye hakimu. Lakini wakati haujui kusoma. Waliohukumu ni watu, na kila mmoja alikuwa na haja yake. Afadhali tuyafuate mashairi haya kutoka mkono hadi mkono, tuone nani aliyapokea na aliyafanyia nini.

Kabla ya 1840: mji wa maneno

Wamazrui waliwekwa Mombasa kuwa maliwali na maimamu wa Yaarubi wa Oman. Katika miaka ya 1740, ukoo wa Busaidi ulipotwaa utawala kule Oman, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtii mtawala mpya, na kuanzia hapo Mombasa ikawa inajitawala, ikitishwa mara kwa mara na ikikataa mara kwa mara. Ukaidi huo haukusimama kwa mizinga ya ngome peke yake. Wenyeji wa mji walikuwa Thelatha Taifa upande mmoja na Tisa Taifa upande wa pili, na liwali aliyekosa ridhaa yao alikuwa mgeni tu mwenye ukuta mnene. Ilibidi watu washawishiwe, wasifiwe, waonywe, wapatanishwe. Katika mji wa namna hiyo mtu mwenye kauli ana thamani ya kikosi.

Muyaka alizaliwa mnamo 1776 katika mji huo. Alikuwa mfanyabiashara, alisafiri na vyombo vya pwani, akaijua bahari na hasara zake, na alikuwa mtu wa karibu wa Wamazrui. Tungo zake zinaonyesha mtu asiyechagua mada kwa ukubwa wake. Anatunga kuhusu vita na usaliti, kisha anageukia mke, rafiki aliyebadilika, ufukara, tamaa, chombo kilichopatwa na tufani, au kitendawili anachomtupia mshairi mwenzake ili amwone atakavyojikwamua.

Wataalamu wamezoea kusema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo imetiwa chumvi. Nyimbo za gungu, za harusi, za kutweka tanga na za kupondea unga hazikuwahi kutoka sokoni. Kilichokuwa karibu na msikiti ni ushairi ulioandikwa na kutunzwa: tendi za maisha ya Mtume, mawaidha, habari za vita vya mwanzo vya Uislamu kama ule Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728. Alichofanya Muyaka ni kuyapa mambo ya kila siku umbo lenye heshima ileile ya ufundi. Bei ya vitu na hasira za jirani zikapata vina vilivyonyooka.

Siasa ndiyo iliyompa kazi nyingi. Mnamo 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka Shela kuishambulia Lamu, yakavunjwa vibaya ufukweni. Walioshinda waliogopa kulipiziwa kisasi, wakaomba ulinzi wa Oman, na Seyyid Said akapata mahali pa kuweka mguu katika pwani ya kaskazini. Huo ndio mlango alioingilia. Kuanzia siku zile Mombasa na Lamu zilipigana pia kwa mashairi. Upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi, ambaye hakuwa mtu wa kukaa kimya anapochokozwa. Mwaka 1824 Wamazrui waliomba hifadhi kwa Waingereza, nahodha William Owen akaikubali na kupandisha bendera, London ikaikataa, na 1826 bendera ikashushwa. Seyyid Said akaja 1828, akaja tena na tena, na mwishowe akafaulu pale Wamazrui na wenyeji walipogawanyika wao kwa wao. Karibu kila hatua ya mkasa huu ina sauti ya Muyaka ndani yake, akihimiza, akibeza, au akiwaonya watu wake kuhusu jambo ambalo baadaye lilitokea.

Kilichofichwa ndani ya ubeti

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu sehemu ya jibu imo ndani ya mashairi yenyewe.

La kwanza ni umbo. Shairi la Muyaka, kwa kawaida, lina ubeti wa mistari minne, kila mstari una vipande viwili, ukwapi na utao, vya mizani nane nane, na kila kipande kina kina chake. Mara nyingi mstari wa nne unarudi ubeti hadi ubeti. Anayesoma kwa jicho anaweza kuona pambo tu. Anayekariri anajua ni kifungo. Ukisahau neno, mizani inapwaya na sikio linakwambia. Ukiweka neno lingine, kina kinakataa. Tena shairi ni fupi. Utendi wa beti mia kadhaa unahitaji kitabu au mghani aliyefunzwa, lakini beti tatu nne hubebwa na mvuvi, mke wa mvuvi, na mtoto anayepita akasikia.

Kisha kujibizana. Shairi lililotupwa kama swali halikai na mwenyewe. Anayejibu analichukua, anatumia vina vyake, pengine anarudia kipokeo chake. Kwa hiyo shairi linahifadhiwa hata kinywani mwa anayelipinga, na kwa maoni yangu hii ni njia madhubuti kuliko kusifiwa. Mtu humsahau aliyemsifu, lakini aliyemwumbua kwa vina vilivyokaa sawa hamsahau.

La tatu ni fumbo, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Katika mji ambamo adui ni jirani, na huenda ni shemeji, mambo ya siasa hayasemwi kwa majina. Muyaka alisema mnyama, chombo, mti, mchezo, naye kila aliyeketi barazani alijua ni nani anayelengwa. Sasa fikiria linalotokea miaka thelathini baadaye. Anayelengwa amekufa, waliojua siri wamekufa, na fumbo limebaki na maana yake ya juu: chombo kibovu, nahodha mzembe, rafiki anayecheka huku akificha kisu. Nyumba imehamwa lakini milango ni mizima. Mtu mwingine mwenye nahodha wake mzembe anaingia na kukaa. Shairi lililosema jina lingebaki kuwa taarifa ya tukio. Lililofumba liliweza kupokea matukio ambayo mtunzi hakuyaota.

Ndiyo maana siamini kwamba kazi inayodumu ni ile iliyotungwa kwa ajili ya vizazi vyote. Muyaka aliwatungia watu wa mtaa wake, wiki hiyohiyo. Mwana Kupona wa Siyu, aliyekuwa mjane wa Bwana Mataka, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Msikilizaji wake alikuwa msichana mmoja. Wanawake wa Lamu na kwingineko wakaunakili na kuukariri kwa zaidi ya nusu karne kabla Alice Werner na William Hichens hawajautoa kitabuni mwaka 1934, na tangu hapo wasomaji wamebishana kama ni mafunzo ya kumtii mume au ni akili ya mwanamke anayemfundisha binti jinsi ya kuishi na mwenye nguvu. Kadiri anayesemeshwa anavyokuwa mmoja na wa kweli, ndivyo maneno yanavyokuwa mazito, na wengine huusogelea uzito huo hata kama hawakuitwa.

1840 hadi 1880: vinywani

Kwa miaka arobaini mashairi ya Muyaka hayakuwa na nyumba isipokuwa vichwa vya watu na pengine vikaratasi vya herufi za Kiarabu visivyokuwa na mlinzi maalumu. Kipindi hiki hupitwa haraka na wanaoandika historia ya fasihi kwa kuwa hakina kitabu cha kuonyesha. Mimi nakiona kuwa ndicho kigumu kuliko vyote. Mombasa ilikuwa chini ya liwali wa Busaidi. Kumghani mshairi wa Wamazrui hakukumletea mtu cheo wala fedha. Waliomkumbuka walimkumbuka kwa raha yao, au kwa fahari ya mji, au kwa kuwa beti zake zilikuwa zimegeuka kuwa maneno ya kusemea: mtu anapotaka kumkanya mwenzake, anamtajia mstari, na neno linafika bila ugomvi.

Hapo yalipotea mengi, na yaliyobaki yalibadilika. Shairi lililopita vinywani miongo minne haliwezi kutoka vilevile lilivyoingia. Pengine mistari hafifu ilinolewa na wapokezi, na pengine tungo za watu wasiojulikana zilivutwa chini ya jina kubwa, kama inavyotokea kwa vichekesho vya Abunuwasi. Muyaka tunayemsoma ni Muyaka pamoja na kumbukumbu ya Mombasa. Sioni aibu katika hilo.

1880 hadi 1927: Mwalimu Sikujua

Mwaka 1880 mmishenari wa Kianglikana, William Taylor, aliingia Mombasa. Alikuja kuhubiri, lakini lugha ilimteka. Akazama katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kuliko wageni wengi wa wakati wake, na mwaka 1891 akachapisha mkusanyiko mkubwa wa methali za Kiswahili ambao watafiti wanautumia hadi leo. Jina lake ndilo linalotajwa kila habari ya Muyaka inapoelezwa.

Linalostahili kutangulia ni jina la Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Huyu alikuwa mtu wa Mombasa, msomi na mshairi, na ndiye aliyeyaokota mashairi ya Muyaka kutoka kwa watu na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alijua nani wa kumwendea, nani ana kumbukumbu na nani ana domo tu, neno gani la zamani limekosewa na lipi ni sahihi ingawa linashangaza. Alifariki 1890. Angechelewa kuanza kwa miaka kumi, wazee waliomwona Muyaka kwa macho wangekuwa wamekwisha, na yeye mwenyewe asingekuwapo. Taylor akayageuza kuwa herufi za Kirumi na kuyaandikia maelezo: hapa anasemwa fulani, neno hili maana yake hii, siku hiyo palitokea kadha. Bila maelezo hayo mashairi mengi ya siasa yangebaki na uso bila jina.

Haja zao hazikufanana. Taylor alitafuta lugha iliyo bora ya kufikishia Injili, akasadiki kwamba Kimvita ndicho. Sikujua, naona, alitaka mji wake usipotee. Mmoja alikuwa mhubiri wa Kikristo, mwingine mwanachuoni wa Kiislamu, na kilichowakutanisha ni mashairi ya mfanyabiashara aliyekufa zamani. Mara nyingi kazi hudumu kwa kuwatumikia watu wasiokubaliana.

Taylor alifariki 1927. Makaratasi yake yakaingia katika hifadhi za London, mbali na kila mtu aliyeweza kuyasoma bila kamusi.

1928 hadi 1940: kitabu kinatoka mbali

Mwaka uliofuata ulileta pigo la namna nyingine, na lilipigwa Mombasa penyewe. Katika mkutano wa 1928 uliofanyika mjini humo, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kitajengwa juu ya Kiunguja. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kusanifisha. Sababu zilikuwa za kiutawala zaidi kuliko za kifasihi, maana Kiunguja kilikuwa kimeshasafiri bara na misafara ya biashara. Kwa Muyaka matokeo yalikuwa makubwa. Lugha yake, iliyokuwa na haki ya kudai ukubwa, iligeuka lahaja. Tangu hapo mtoto wa Tabora au Kisumu angehitaji faharasa ili amwelewe.

Katika hali hiyo ndipo William Hichens, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki na ambaye 1939 alitoa utenzi wa Al-Inkishafi huko London, alipoyafunua makaratasi ya Taylor na kuandaa Diwani ya Muyaka bin Haji. Ilichapwa mwaka 1940 na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika mfululizo uleule wa vitabu vya lugha za Kiafrika ulioanza mwaka 1935 na mashairi ya Kizulu ya B. W. Vilakazi. Miaka mia kamili baada ya kifo chake, mshairi wa Mombasa akapata kitabu, katika mji wa machimbo ya dhahabu asioujua, wakati dunia ikipigana. Hata hivyo kilikuwa kitabu cha Kiswahili, pamoja na habari za maisha yake.

Ukikihesabu kwa mauzo, hakikutikisa mtu. Lakini shairi lililochapwa lina faida moja: linaweza kungoja.

1968 hadi 1979: aliyekuwa mpya anakuwa kigezo

Lilingoja karibu miaka thelathini. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika pendekezo lao maarufu la kuiondoa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi na kuiweka fasihi ya Afrika katikati. Nchi mpya zilikuwa na njaa ya mababu. Palihitajika ushahidi kwamba waandishi walikuwapo kabla ya wamishenari, na kwamba fasihi ya Kiswahili haikuwa tafsiri ya Kiarabu wala kivuli cha dini. Muyaka alifaa kwa yote hayo: alikuwa wa zamani, alikuwa wa siasa, na alitunga mambo ya duniani. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka, akayarudisha mashairi ndani ya mji na zama zake, akitumia pia tafsiri ya Kiingereza. Hapo Muyaka akaingia mtaalani rasmi.

Mtaala huokoa kazi na pia huitesa. Unaipatia wasomaji wapya kila Januari, ila wengi wao wanasoma kwa kuogopa mtihani.

Wakati huohuo ulizuka mgogoro wa vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata kanuni, na wakongwe wakaja juu: bila vina na mizani hakuna ushairi. Katika mabishano hayo watu wa Muyaka, yaani washairi wa karne ya 19, walisimamishwa kama nguzo za sheria. Mtu aliyeushangaza wakati wake kwa kuingiza mambo ya sokoni katika ufundi wa juu sasa ndiye aliyelindwa dhidi ya wanaoshangaza. Pengine hii ndiyo dalili ya uhakika zaidi kwamba kazi imekwisha kuwa ya kudumu: watu wanaitumia kama fimbo.

Uhai wenyewe ulikuwa kwingine. Mwaka 1969 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa kwa kuandika waraka wenye kichwa Kenya: Twendapi? Hadi 1972 alikuwa gerezani, akitunga kwa siri na kuandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka 1973 kama Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata tuzo iliyobeba jina la Rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Ndani yake kuna mamba ambaye si mamba tu, na kuna ndugu wawili wanaogombea mnazi kwa beti za kujibizana. Umbo ni la kale, Kimvita ni kilekile, na fumbo linafanya kazi ileile ya kumsema mkubwa bila kumtaja. Hakuna mtihani uliomlazimisha. Aliyefungiwa peke yake, bila vitabu, anabaki na kile kilichomo kichwani, na kilichomo kichwani mwa mtoto wa Mombasa ni kile ambacho wavuvi na wake zao walikuwa wamekibeba tangu 1840.

1995: wapinzani wanarudi

Diwani ya mshairi mmoja ina kasoro moja: inamfanya aonekane alikuwa akizungumza peke yake. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walichapisha Michigan mkusanyiko wa Mashairi ya Vita vya Kuduhu, tungo walizorushiana washairi wa Lamu, Pate na Mombasa katika ugomvi wa mwanzoni mwa karne ya 19. Humo Muyaka ni sauti moja tu kati ya kadhaa. Anachokoza, anajibiwa, na Bwana Zahidi Mngumi hamwonei haya. Msomaji aliyelelewa na diwani, aliyezoea kumwona Muyaka akiwa na neno la mwisho, hapa inambidi asikilize Lamu pia, na aamue mwenyewe, beti kwa beti, nani alishinda.